Mzula wa Kanda ya Ziwa: kofia ya baridi yenye neno la nyumbani

Mwanza haina theluji, na mtu wa Makete akitusikia tunalalamikia baridi atacheka mpaka ashike mbavu. Lakini Ziwa Victoria liko kama mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na kuanzia Juni mpaka Agosti upepo wa usiku huvuma kutoka nchi kavu kwenda majini. Mvuvi wa dagaa aliyekaa ndani ya mtumbwi tangu jua lizame, nguo zimelowa, akisubiri dagaa wajae kwenye mwanga wa taa, hahitaji kuelezwa baridi ni nini. Mwongezee bodaboda wa alfajiri, mlinzi wa getini, na abiria wa kivuko anayeamua kusimama nje ili asikose upepo, halafu anaujutia. Hao ndio wenye kichwa cha kuvalishwa mzula.

Mizula ya mtumba imejaa sokoni na mingi ni mizuri. Kasoro yake ni kwamba imeandikwa jina la timu ya mpira wa magongo ya mji ambao mvaaji hajawahi kuusikia. Ukifuma mwenyewe unaweza kuweka MWADILA au MHOLA (salamu za Kisukuma), WABEJA (asante) au MWALO (ufukwe wa kutia mitumbwi), na mtu akipita nao Kirumba ataitikiwa salamu kabla hajafungua kinywa. Tumezoea kanga kusema kwa niaba ya mvaaji. Kofia nayo inaweza, ila ina nafasi ndogo sana, na hapo ndipo kazi nyingi huharibika: neno refu, herufi zilizobonyea, au maandishi yanayotazama mawingu badala ya kumtazama mtu.

Tuanze na uzi. Kwa mtu wa majini chagua akriliki, ule uzi wa sweta wa kawaida wa dukani, unene wa kati, gramu 100 zenye urefu wa mita 200 hivi. Haunywi maji mengi, unakauka upesi na haulegei ukilowa. Najua Usukuma ni nchi ya pamba na moyo unataka kofia ya pamba, lakini pamba hunywa maji, inakuwa nzito, inavutika kuelekea chini mpaka ifunike macho, na inakaa na unyevu kichwani hadi saa tatu asubuhi. Uzi wa pamba ufumie kofia ya mchana au ya mtoto wa nyumbani. Sufu halisi ndiyo bora kuliko yote kwa joto, maana hata ikiwa na unyevu bado inatunza joto, ila haipatikani kirahisi huku, na ikifuliwa kwa maji ya moto kisha ikasuguliwa inasinyaa mpaka ya mtu mzima imtoshe mtoto. Akriliki nayo ina ubaya wake: inayeyuka ikigusa moto. Mitumbwi mingi siku hizi ina taa za sola na betri, lakini anayetumia karabai aambiwe mapema asiutundike mzula juu ya taa ili ukauke.

Gramu 100 za rangi ya msingi zinatosha kofia ya mtu mzima yenye pindo la kukunja. Rangi ya maandishi ni kidogo sana: neno la herufi saba linakula mafundo 130 hivi (fundo ni kitanzi kimoja cha uzi), na mita 5 za uzi zitatosha na kubaki. Kwa hiyo usinunue donge zima la rangi ya pili kwa kofia moja. Gawana na mwenzako, au tumia mabaki.

Rangi ndizo zinazosomwa kabla ya herufi. Bluu ya ziwa na kijani kilichoiva zinapendeza zikiwa mezani pamoja, lakini ukisogea hatua kumi neno limepotea. Kuna kipimo rahisi: weka nyuzi mbili sambamba, zipige picha kwa simu, kisha igeuze picha iwe nyeusi na nyeupe. Kama huoni mpaka kati yake, badilisha moja. Kijivu cha mawe ya Mwanza na nyeupe ya pamba, bluu nzito na njano, nyeusi na rangi ya chungwa: hizo hazikuangushi. Nyekundu juu ya nyeupe inasomeka vizuri sana, ila nyekundu ya bei poa huchuja. Loweka kipande cha uzi kwenye maji ya vuguvugu yenye sabuni, kizungushe kwenye kitambaa cheupe, kiache kikauke hapo hapo. Kitambaa kikipata waridi, uzi huo utapaka neno lote siku ya kwanza ya kufuliwa.

Sasa vipimo. Kichwa cha mtu mzima wengi ni sentimita 56 hadi 58. Mzula unatakiwa uwe mdogo kuliko kichwa kwa sentimita 4 hivi ili ushike, maana kofia inayolingana sawasawa na kichwa hupeperushwa na upepo wa kwanza. Nafuma kwa sindano mbili, milimita 4 kwa pindo na milimita 5 kwa mwili, halafu nashona nyuma. Sindano nne za duara zinaondoa mshono, lakini wengi tulio nazo ni hizi mbili, na kwa kofia ya maneno mshono wa nyuma unasaidia: unakuonyesha katikati ya mbele ni wapi.

Kwanza fuma kipande cha majaribio, mafundo 24 kwa mistari 30, kwa sindano ya milimita 5. Kilaze bila kukivuta, pima sentimita 10 katikati. Tunataka mafundo 18 kwa upana na mistari 24 kwa kimo. Ukipata 20, kofia yako itatoka sentimita 48, hiyo ni ya mtoto. Punguza kukaza mkono au panda sindano moja kwa unene. Ukipata 16 itatoka sentimita 60 na itaishia puani. Watu huruka hatua hii kwa haraka, kisha wanafumua kofia nzima.

Anza na mafundo 98. Mafundo 96 ndiyo kofia yenyewe na mawili ya pembeni yataliwa na mshono. Pindo ni mawili mbele, mawili nyuma, ukianza na kumaliza kwa mawili ya mbele, ili mshono ukifungwa mpangilio uendelee kama haujakatika. (Fundo la mbele ni lile linaloacha uso laini wenye umbo la V, la nyuma linaacha kinundu.) Fuma pindo la sentimita 12. Litakunjwa katikati, libaki sentimita 6, na hapo masikio yanapata tabaka mbili. Usiku wa upepo mkali mvuvi analishusha lote mpaka shingoni. Hamia sindano ya milimita 5, fuma mwili wa uso laini mistari 24, sawa na sentimita 10.

Sehemu ya utosi inapunguzwa kwa mafungu 12 ya mafundo manane. Acha fundo moja la pembeni kila upande bila kuligusa, na katika kila fungu fuma sita kisha unganisha mawili. Mstari wa kurudi fuma wa nyuma bila kupunguza. Kisha fuma matano na kuunganisha mawili, rudi. Manne na mawili, rudi. Endelea hivyo mpaka unaunganisha mawili mawili tu. Hesabu ikienda sawa utapita 86, 74, 62, 50, 38, 26 na kuishia 14. Kata uzi ukiacha sentimita 60, pitisha kwenye hayo 14, vuta kwa nguvu, funga ndani, na uzi uliobaki ndio wa kushonea mshono. Kofia ikichongoka juu kama chungu kilichofunikwa, umefuma mistari ya ziada kati ya punguzo moja na jingine. Ikikaa bapa na kukunjamana, umepunguza kila mstari.

Mshono ushone kwa nje, ukiokota kijiuzi kilicholala kati ya fundo la kwanza na la pili, upande huu kisha ule. Ukifika sentimita 6 za mwisho za pindo, geuza na ushone kwa upande wa ndani, kwa sababu sehemu hiyo ikikunjwa ndani yake ndiyo itaonekana. Hili ni jambo dogo, lakini ndilo linalotenganisha kofia ya kuuza na kofia ya kujifunzia.

Tuje kwenye herufi, ambako ndiko kwenye utamu.

Usichore neno kwenye daftari la hesabu. Vyumba vyake ni mraba, fundo la uzi si mraba. Kwa kipimo chetu fundo moja lina upana wa milimita 5.6 na kimo cha milimita 4.2, yaani nne kwa tatu. Herufi iliyochorwa nzuri kwenye daftari, mafundo 5 kwa mistari 7, ikifika kwenye kofia inakuwa fupi nene kama imekaliwa. Piga mistari yako mwenyewe kwenye karatasi, vyumba vya milimita 8 kwa 6, na uchore herufi za mafundo 5 kwa mistari 9. Acha fundo moja kati ya herufi na herufi. Herufi I inatosha mafundo 3.

M na W ndizo zinazosumbua, na maneno yetu yamejaa M na W. Kwa M, jaza nguzo mbili za pembeni mistari yote 9; mstari wa 8 kutoka chini jaza fundo la 2 na la 4; mstari wa 7 na wa 6 jaza la 3 peke yake. W ni hiyo hiyo miguu juu: mstari wa 2 jaza la 2 na la 4, wa 3 na wa 4 jaza la 3. Ukishusha kile cha katikati zaidi ya hapo, M inaanza kusomeka kama mstari mnene, na mtu ataambiwa amevaa neno ambalo halipo.

MWADILA basi inakuwa mafundo 33 ya herufi na 6 ya nafasi, jumla 39, sentimita 22 hivi. Hilo ni neno linaloonekana lote ukiwa umesimama mbele ya mvaaji. Kikomo changu ni 42. MWANGALUKA ni salamu nzuri ya asubuhi, lakini inafika 59, kwa hiyo aliye mbele anasoma ANGALU na zilizobaki zimejificha kwenye masikio. Ukilitaka lazima lizungushwe kofia nzima makusudi, au liache. MHOLA ni 29, WABEJA ni 35, zote zinakaa bila shida. NG'WANA ni 37 ukihesabu ile alama ya juu: fundo moja kwa upana, mistari miwili ya juu, na nafasi yake pande zote mbili. Msiiache ile alama kwa sababu ya kubana nafasi. Msukuma akiona NGWANA ataisahihisha hapo hapo dukani, tena kwa sauti.

ROCK CITY, jina la utani la Mwanza, kwa mstari mmoja inafika 47, ncha zinapotea pembeni. Iweke mistari miwili kwa herufi ndogo za mafundo 4 kwa mistari 7, ukiacha mistari 2 katikati. Kwa maoni yangu jina hilo limeshachoka kwenye fulana na vikombe, lakini ndilo wageni wanaloomba, na mteja ni mteja.

Kimo cha neno ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Kichwa kinaanza kupinda nyuma sentimita chache tu juu ya paji la uso. Acha mistari 4 tu juu ya pindo, kisha mistari 9 ya herufi, halafu 11 mitupu. Ukiliweka neno katikati ya mwili kwa kipimo cha meza, likivaliwa linasomwa na kunguru.

Kuna njia mbili za kuliingiza. Ya kwanza ni kufuma rangi mbili kwa pamoja. Hapo kumbuka unafuma kutoka kulia kwenda kushoto na kutoka chini kwenda juu: herufi ya kwanza kuingia sindanoni kwa MWADILA ni ile A ya mwisho, tena ukianza na miguu yake. Ukianza na M utapata neno la kwenye kioo. Uzi unaopita nyuma ukiruka zaidi ya mafundo manne, usokote na uzi wa msingi mara moja katikati, la sivyo kidole au hereni itanasa. Na pale neno linapoishia, sokota rangi mbili, vinginevyo panabaki tundu.

Njia ya pili ni kudarizi juu ya mafundo kofia ikiwa imekwisha, na kwa neno moja la mbele ndiyo ninayoipendekeza. Tumia sindano butu yenye tundu kubwa. Toa uzi mbele kwenye ncha ya chini ya V, pitisha nyuma ya miguu miwili ya fundo lililo juu yake, rudi kwenye ncha ile ile. Rangi mpya inalala juu ya ile ya zamani na kuifunika. Usivute, ukivuta, rangi ya msingi inachungulia pembeni na herufi inaonekana imekunjamana. Ukikosea herufi moja unafumua herufi moja, si kofia.

Usiandike kwenye pindo. Mabonde ya mafundo ya nyuma yanameza nusu ya herufi, na uzi wa kudarizi unaua ule mvutiko unaoshika kichwa. Mbaya zaidi, pindo likikunjwa linageuka ndani nje na juu chini, kwa hiyo neno lililofumwa sawasawa linaonekana nyuma yake tena limesimama kwa kichwa.

Kama mistari 11 ya juu inaonekana mitupu, weka safu ya dagaa. Acha mistari 3 juu ya neno, kisha samaki wa mafundo 8 kwa mistari 3. Mstari wa kwanza: acha 1, jaza 3, acha 2, jaza 1, acha 1. Wa pili: jaza 6, acha 2. Wa tatu ni kama wa kwanza. Mistari ya kurudi isome kinyume, kutoka mwisho kwenda mwanzo, vinginevyo mgongo unakwenda huku na mkia kule. Nane inaingia mara 12 kwenye 96, kwa hiyo dagaa 12 wanazunguka bila mmoja kukatwa kwenye mshono. Safu hii inafumwa rangi mbili kwa pamoja, na ndiyo hubana kofia kama mkanda. Kabla ya kubadili rangi, tandaza mafundo yaliyo kwenye sindano ya kulia kwa upana wake halisi, ndipo uvushe uzi nyuma. Wenye mkono mzito wapande sindano ya milimita 5.5 kwa mistari hiyo mitatu. Rangi ya kijivu cha kung'aa juu ya bluu nzito inatosha. Macho usihangaike nayo.

Mawe ya Jiwe la Bismarck, lile la pale karibu na kivuko cha Kamanga, watu wengi hujaribu na wachache hufanikiwa. Duara halionekani chini ya mafundo 6 kwa upana. Fanya mawe makubwa mawili matatu yaliyobebana upande mmoja, si ukuta wa mawe madogo, maana hayo yanaonekana kama tofali.

Maneno yenyewe yanahitaji busara kidogo. Salamu na majina ya vitu vya mwaloni hayazeeki. Msemo wa vijana wa mwaka huu utakuwa aibu mwakani, kwa hiyo udarizi tu, usiufume, ili uweze kufumuliwa. Utani wa makabila mwandikie anayekuomba kwa ajili yake mwenyewe. Ukiuweka mezani kwa watu wote utakutana na mtu ambaye si mtani wako. Na kwenye sikukuu ya Bulabo kule Bujora, Kisesa, mwezi Juni, vikundi vya ngoma bado vinashindana kwa jina la Bagika na Bagalu. BAGIKA ni mafundo 33, BAGALU 35. Beba yote mawili, uyatenge mafuko tofauti, na usimkosee mtu akichagua.

Bodaboda wafumiwe kwa namna nyingine: pindo la sentimita 4 lisilokunjwa, bila kishada juu, uzi mwembamba. Helmeti inapaswa kukaa kichwani yenyewe. Ikikalia mzula mnene inacheza na mkanda wa kidevu haufungi vizuri. Kwa wavuvi pia usiweke kishada, kinanasa kwenye nyavu na ndoana.

Wa kumtumia ndugu aliyeko Kanada au Njombe, ongeza bitana ya kitambaa laini cha manyoya mafupi, ukanda wa sentimita 12 ndani ya pindo na masikio, ulioshonwa kwa mkono kwa hatua ndefu zenye kulegea ili pindo liendelee kuvutika. Mashine ya cherehani usiitumie hapo, uzi wake utakatika siku ya kwanza kofia ikivutwa.

Kufua ni maji ya baridi na sabuni kidogo, kukamua kwa kubonyeza ndani ya taulo, kisha kulaza bapa kivulini. Akriliki haipigwi pasi. Ikishapata joto inalala na hairudi tena kuvutika, na herufi zilizodariziwa zinakuwa kama zimepakwa rangi. Harufu ya dagaa inatoka ukiloweka usiku mmoja kwenye maji yenye kikombe cha siki kabla ya sabuni.